Otto Kahn na Gharama ya Kuipenda Opera

Opera, yaani tamthilia ambayo wahusika wake huimba badala ya kusema huku wakisindikizwa na okestra yenye makumi ya wapiga ala, ilizaliwa katika miji ya Italia kuelekea mwaka 1600, na tangu wakati huo ni nadra sana kuona ikiishi kwa kiingilio cha mlangoni peke yake. Onyesho la jioni moja huhitaji waimbaji wakuu ambao kila mmoja hulipwa kwa kadiri ya sifa yake, kwaya, wacheza dansi, mafundi wa jukwaa, washonaji wa mavazi, wachoraji wa mandhari na kiongozi wa okestra anayewaunganisha wote hao, na hata ukumbi unapojaa hadi kiti cha mwisho, mapato ya tiketi kwa kawaida hayafikii matumizi. Kwa muda mrefu pengo hilo lilizibwa kwa sehemu kubwa na wafalme na watawala wadogo wa Ulaya, waliolihesabu jumba la opera kuwa sehemu ya fahari ya dola kama walivyolihesabu jeshi. Katika karne ya 19, mamlaka ya watawala hao yalipopungua na utajiri kuhamia kwa wenye viwanda, reli na benki, mzigo wa opera nao ulihama, na pengine hakuna mahali ulipohama kikamilifu zaidi kuliko New York, jiji ambalo halikuwa na mfalme wala wizara ya utamaduni.

Mtu aliyeubeba mzigo huo jijini humo kwa karibu miongo mitatu ni Otto Hermann Kahn, mbia wa benki ya Kuhn, Loeb & Co., ambaye kuanzia mwaka 1903 hadi 1931 alikuwa katika uongozi wa Metropolitan Opera, kwanza akiwa mjumbe wa bodi, kisha mwenyekiti, na hatimaye rais wa kampuni. Wanaomkumbuka Kahn humtaja zaidi kwa ukubwa wa mfuko wake, jambo ambalo ni kweli lakini halitoshi, kwa kuwa matajiri waliotoa fedha kwa ajili ya muziki walikuwa wengi na wengi wao wamesahaulika pamoja na fedha zao. Kilichomtofautisha ni kwamba aliiendea opera kwa akili ileile aliyoitumia kufufua kampuni za reli zilizofilisika, akauliza ni nani anayeimiliki, ni nani anayeiendesha, na ni nani anayezuiwa kuifikia. Swali hilo la tatu ndilo lililomgharimu zaidi.

Kahn alizaliwa tarehe 21 Februari 1867 mjini Mannheim, kusini-magharibi mwa Ujerumani, mji ambao katika karne ya 18 ulikuwa na okestra ya ikulu iliyosifika Ulaya nzima na ambako Mozart alikaa kwa miezi kadhaa mnamo 1777 na 1778. Baba yake, Bernhard, Myahudi aliyeshiriki vuguvugu la mapinduzi la mwaka 1848, alilazimika kukimbilia Marekani na kuwa raia wa nchi hiyo kabla ya kurejea kwao na kujenga upya maisha yake katika shughuli za benki. Nyumba ya familia hiyo ilipokea wanamuziki, wachoraji na waandishi, na watoto walikua wakisikia ala zikipigwa sebuleni kama ilivyokuwa desturi katika familia zilizosoma za Ujerumani ya wakati ule. Otto alijifunza ala kadhaa angali kijana na alitamani kuwa mwanamuziki, lakini baba yake aliamua vinginevyo na kumpeleka benki. Kaka yake Robert, aliyezaliwa mwaka 1865, ndiye aliyeruhusiwa kuifuata njia ya muziki, naye akawa mtunzi na mpiga piano, akafahamiana na Johannes Brahms, akafundisha kwa miaka mingi katika chuo kikuu cha muziki cha Berlin, hadi utawala wa Wanazi ulipomfukuza nchini na kumfanya amalizie maisha yake Uingereza, alikofariki mwaka 1951. Ndugu hao wawili waligawana kile ambacho Otto angependa kukipata chote, na si kosa kudhani kwamba bidii yake ya baadaye kwa ajili ya waimbaji na watunzi ilikuwa na mizizi yake katika uamuzi huo wa baba.

Ukarani aliouanza Karlsruhe akiwa na umri wa miaka 17 ulifuatiwa na utumishi wa jeshi katika kikosi cha wapanda farasi, kisha kazi katika tawi la Deutsche Bank la London, ambako alipanda cheo, akachukua uraia wa Uingereza na kuzoea maisha ya kumbi za maonyesho. Mwaka 1893 alihamia New York, na mwaka 1896 alimwoa Addie Wolff, binti wa mmoja wa wabia wa Kuhn, Loeb & Co.; mwaka uliofuata akawa yeye mwenyewe mbia wa kampuni hiyo. Kuhn, Loeb ilikuwa benki ya uwekezaji, maana yake ni kwamba haikupokea akiba za wananchi wa kawaida bali ilizitafutia kampuni kubwa mitaji kwa kuuza hisa zao na hati fungani zao, yaani hati za deni lenye riba, kwa wawekezaji wa Marekani na Ulaya. Mteja wake mkuu alikuwa reli. Union Pacific, mojawapo ya reli zilizounganisha mashariki na magharibi ya Marekani, ilifilisika mwaka 1893, na Kahn, chini ya mkuu wa kampuni Jacob Schiff na pamoja na mfanyabiashara E. H. Harriman, alishiriki katika kazi ya kuipanga upya. Kazi ya namna hiyo ina hatua zake: madeni hutenganishwa na mali, uongozi uliochoka hubadilishwa, fedha mpya huingizwa kwa masharti, na wakati huohuo treni haziruhusiwi kusimama. Mtu aliyejifunza hayo katika reli hakukawia kuona kwamba yangeweza kutumika katika jumba la opera.

Jumba lenyewe lilihitaji tiba hiyo. Metropolitan Opera House lilifunguliwa tarehe 22 Oktoba 1883 katika barabara ya Broadway, likiwa limejengwa na familia za matajiri wapya zilizonyimwa nafasi katika ukumbi wa zamani wa Academy of Music, uliokuwa mikononi mwa familia za kale. Kwa hiyo jumba hilo halikujengwa hasa kwa ajili ya muziki. Lilijengwa kwa ajili ya roshani za binafsi, yaani vyumba vidogo vilivyo wazi upande wa jukwaani na kupangwa kwa umbo la kwato ya farasi kuuzunguka ukumbi, ambamo familia tajiri zilikaa zikitazama na, jambo lililokuwa muhimu zaidi kwao, zikitazamwa. Vito vya wanawake waliokaa humo viliifanya safu ya roshani hizo iitwe Kwato ya Almasi. Umiliki ulipangwa kwa namna isiyo ya kawaida: kampuni moja, iliyoundwa na wenye roshani hizo, ilimiliki ardhi na jengo, na kampuni nyingine tofauti kabisa ilikodi jengo hilo ili kuandaa maonyesho. Wenye roshani hawakuwa na wajibu wa kulipia gharama za muziki zaidi ya michango yao iliyokubaliwa, ila walikuwa na haki ya kupinga onyesho wasilolipenda. Hasara ilikuwa upande mmoja na mamlaka upande mwingine, na mfumo wa aina hiyo mwanabenki yeyote angeutambua mara moja kuwa ni mbaya.

Ubaya huo ulidhihirika tarehe 22 Januari 1907, Metropolitan ilipoonyesha Salome ya Richard Strauss, opera fupi na kali iliyotokana na tamthilia ya Oscar Wilde kuhusu binti wa kifalme anayedai kichwa cha Yohana Mbatizaji. Wenye roshani, wakiongozwa na familia zilizohesabu onyesho hilo kuwa ni matusi kwa dini na maadili, walipiga marufuku lisirudiwe, na kampuni ya maonyesho, ambayo Kahn alikuwa mjumbe wa bodi yake, ilijaribu kuitetea kazi hiyo bila mafanikio. Salome haikuonekana tena katika jukwaa hilo hadi Januari 1934. Fundisho alilolipata Kahn ni kwamba kampuni inayobeba hasara lazima iwe na uhuru wa kuamua, na kwamba uhuru huo hauombwi bali hununuliwa kidogo kidogo.

Mwaka 1908 Kahn na wenzake walifanya mageuzi makubwa. Walimleta kutoka La Scala ya Milan meneja Giulio Gatti-Casazza, mtu aliyesomea uhandisi kabla ya kuingia katika maonyesho, na pamoja naye Arturo Toscanini, kiongozi wa okestra aliyejulikana kwa ukali wake wa kutovumilia hata noti moja isiyopigwa ilivyoandikwa. Gustav Mahler, ambaye alikuwa ameiongoza opera ya ikulu ya Vienna kwa miaka 10, alikuwa tayari ameanza kazi New York tarehe 1 Januari mwaka huohuo. Kwa muda mfupi jumba moja likawa na viongozi wawili ambao wengi wangewahesabu kuwa wakubwa kuliko wote wa zama zao, na Enrico Caruso, tenori kutoka Napoli ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kuuzwa dunia nzima kwa santuri, akiimba mbele yao. Mipango ya namna hii haitokei kwa bahati. Ilihitaji mtu aliyeielewa tofauti kati ya kiongozi hodari na kiongozi wa kipekee, na ambaye pia aliweza kutia saini hundi.

Ushindani uliifanya hundi hiyo kuwa kubwa zaidi. Oscar Hammerstein, mtengenezaji wa sigara na mjenzi wa kumbi za maonyesho, alikuwa amefungua Manhattan Opera House mwezi Desemba 1906, akaleta opera mpya za Kifaransa ambazo Metropolitan ilizipuuza, na mwaka 1909 akaionyesha Salome ileile iliyofukuzwa kwa jirani. Waimbaji waligombaniwa, mishahara ikapanda, na pande zote mbili zikapata hasara. Mwezi Aprili 1910 kundi la Kahn lilimlipa Hammerstein dola milioni 1.2 kwa sharti kwamba hataandaa opera kwa miaka 10 katika New York, Philadelphia, Boston na Chicago. Kwa mtazamo wa kibenki lilikuwa suluhisho safi, na New York ilibaki na kampuni moja yenye nguvu badala ya mbili zinazodhoofishana. Kwa mtazamo wa muziki ni vigumu kulishangilia, kwa sababu Hammerstein ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kuleta kazi mpya, na baada ya kuondoka kwake Metropolitan ilikuwa na sababu chache za kujihatarisha. Anayempenda Kahn hana budi kulikubali hili.

Hata hivyo kazi mpya hazikukosekana. Tarehe 10 Desemba 1910 Metropolitan ilionyesha kwa mara ya kwanza duniani La fanciulla del West ya Giacomo Puccini, akiwapo mtunzi mwenyewe, Toscanini akiongoza na Caruso akiimba, na hiyo ndiyo ikawa opera ya kwanza kabisa kuzinduliwa katika jumba hilo. Wakati huo Kahn na tajiri mwenzake William K. Vanderbilt walikuwa wakiziba hasara za misimu kwa fedha zao, lakini Kahn hakutaka hali hiyo iwe ya kudumu. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa na wimbo huinuka akamtuza mwimbaji palepale, na tuzo hiyo huishia katika furaha ya usiku ule. Kahn aliona kwamba opera haiwezi kutegemea tuzo, hata tuzo ikiwa ya mamilioni, kwa kuwa anayetuza anaweza kuchoka, kukasirika au kufa. Pamoja na Gatti-Casazza, aliyekuwa mkali katika hesabu, aliisimamia kampuni hiyo hadi ikaacha kutegemea hisani, na katika miaka ya 1920 iliweza kujiendesha bila hasara na hata kujiwekea akiba.

Mafanikio hayo yanastahili kupimwa kwa uzito wake, kwani yanakwenda kinyume na kanuni ambayo wanauchumi waliieleza baadaye. Mwaka 1966 William Baumol na William Bowen walichapisha utafiti kuhusu uchumi wa sanaa za jukwaani, wakionyesha kwamba katika viwanda mashine humwezesha mfanyakazi mmoja kuzalisha zaidi kila mwaka, ilhali wapiga ala wanne wa kipande cha Beethoven bado ni wanne na bado wanahitaji dakika zilezile walizohitaji wenzao wa enzi za mtunzi. Mishahara ya wanamuziki, hata hivyo, lazima ipande pamoja na mishahara ya watu wengine, la sivyo wataacha muziki wakafanye kazi nyingine. Hivyo gharama ya sanaa hupanda daima kuliko tija yake. Miaka ya 1920 ilikuwa ya neema isiyo ya kawaida, na wengi walioiishi waliidhani ya kudumu.

Kahn hakuwa mwanabenki pekee wa Marekani aliyekwenda njia hiyo. Henry Lee Higginson wa Boston, ambaye ujanani alikuwa amekwenda Vienna kusomea muziki na kukwama kwa sababu ya jeraha la mkono, alianzisha Boston Symphony Orchestra mwaka 1881 na kuibeba hasara yake kwa zaidi ya miaka 35, akihakikisha kuwa baadhi ya viti vinauzwa kwa senti 25 tu. Higginson alikuwa bwana wa okestra yake kwa maana kamili ya neno hilo, hakuwa na wenye roshani wa kuwabembeleza. Kahn hakuwahi kupata uhuru wa namna hiyo.

Alipokuwa huru kutumia fedha zake binafsi, mkono wake ulikuwa mpana hata nje ya opera. Mwaka 1916 Metropolitan ilileta Ballets Russes, kundi la dansi la Sergei Diaghilev, pamoja na mcheza dansi Vaslav Nijinsky aliyekuwa amezuiliwa Hungaria kwa sababu ya vita, na ziara hiyo iliishia katika hasara kubwa ambayo haikumkatisha tamaa. Mshairi Hart Crane alipata kwake dola 2,000 mwaka 1925 ili aandike The Bridge, utenzi uliochapishwa mwaka 1930. Mwimbaji na mwigizaji Mwafrika-Mmarekani Paul Robeson alisaidiwa kwa mkopo mwanzoni mwa safari yake ya sanaa. Kijana wake Roger Wolfe Kahn alikuwa kiongozi mashuhuri wa bendi ya jazi, na baba, badala ya kuona haya kama walivyofanya wengi wa tabaka lake, alitamka hadharani kwamba Metropolitan ingefaa ipate opera itokanayo na jazi. Wazo hilo halikutimia wakati wake. Porgy and Bess ya George Gershwin ilifika katika jukwaa la Metropolitan mwaka 1985, na kabla ya hapo, hadi tarehe 7 Januari 1955 alipoimba Marian Anderson, hakuna mwimbaji mkuu Mweusi aliyewahi kusimama katika jukwaa hilo. Katika miaka yote 28 ya uongozi wake, Kahn, aliyemfahamu Robeson na kumthamini, hakuuvunja mpaka huo, na hilo ndilo doa kubwa zaidi katika kazi yake.

Yeye mwenyewe aliujua ubaguzi kwa namna nyingine. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, mtu huyu aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni ya maonyesho na mwenye hisa wake mkubwa hakuwa na roshani yake katika Kwato ya Almasi hadi mwaka 1917, na alipoipata hakuonyesha haraka ya kukaa ndani yake, bali aliwapa nafasi hiyo mara nyingi wageni waliopita jijini. Mwaka huohuo alichukua uraia wa Marekani, na ingawa alikuwa mzaliwa wa Ujerumani alihutubia na kuandika kwa nguvu dhidi ya utawala wa kijeshi wa nchi aliyozaliwa, wakati ambapo Metropolitan nayo iliziondoa opera za Kijerumani katika ratiba yake. Ni katika miaka hiyo pia alipojijengea katika kisiwa cha Long Island kasri ya vyumba 127, iliyopewa jina la Oheka kutokana na herufi za majina yake matatu. Kasri hiyo bado inavuta watalii. Kwa mwandishi wa historia ya muziki haina uzito mkubwa.

Chenye uzito ni jumba ambalo halikujengwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 jengo la Broadway lilikuwa limepitwa na wakati kabisa: nyuma ya jukwaa hapakuwa na nafasi, mapambo ya maonyesho yaliegemezwa nje barabarani, yakinyeshewa na mvua na theluji, na katika sehemu za juu, zilizokuwa na viti vya bei nafuu, watu wengi walisikia muziki lakini hawakuweza kuliona jukwaa lote. Watu hao wa viti vya juu, wengi wao wahamiaji kutoka Italia na Ujerumani waliozijua opera kwa moyo, ndio Kahn aliowahesabu kuwa wasikilizaji wa kweli. Alinunua kwa fedha zake eneo la ardhi upande wa magharibi wa Mtaa wa 57, akawaandikia wenye roshani akieleza kwa nini jiji linahitaji jumba jipya lenye viti vingi zaidi, vya bei ya chini, ambavyo kila kimoja kina mwono mzuri wa jukwaa, na ambamo roshani za binafsi zingepungua. Mbunifu Joseph Urban, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akichora mandhari za Metropolitan tangu mwaka 1917, aliandaa michoro ya ukumbi mpana usio na kwato ya farasi, naye Benjamin Wistar Morris akashirikishwa kama msanifu majengo.

Wenye roshani walikataa. Sababu zilizotolewa zilihusu mahali, gharama na mpangilio, ila kiini cha ugomvi kilikuwa wazi kwa kila aliyefuatilia: jumba lililobuniwa ili kila mtu aone jukwaa ni jumba ambamo tajiri haonekani kuliko wengine, na wale waliorithi roshani kama wengine wanavyorithi shamba hawakuona faida ya kuibadilisha mali hiyo kwa kiti cha kawaida. Kahn, aliyezoea kuwashawishi wadai wa reli kukubali sehemu ya deni ili wasipoteze lote, safari hii hakuwa na la kuwatishia, kwa sababu hawakuwa wakipoteza kitu. Aliiuza ardhi yake. Mwaka 1928 John D. Rockefeller Mdogo alikodi kutoka Chuo Kikuu cha Columbia eneo lililokusudiwa kuwa na jumba jipya la opera katikati yake, lakini baada ya soko la hisa kuporomoka mwezi Oktoba 1929 Metropolitan ilijitoa, na mahali hapo pakajengwa majengo ya biashara yanayojulikana leo kama Rockefeller Center. Kama wenye roshani wangelikubali mapema, wakati fedha zilikuwapo, New York ingelipata jumba la opera la kisasa takriban miaka 40 kabla ya kulipata.

Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliimaliza akiba ya Metropolitan katika misimu michache na kuuharibu utajiri wa Kahn mwenyewe. Mwezi Oktoba 1931 alijiuzulu urais wa kampuni akiwa mgonjwa na mchovu. Mwaka 1933 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti iliyochunguza mwenendo wa benki, ambako alieleza jinsi hasara zake zilivyomfanya asilipe kodi ya mapato katika miaka ya mwanzo ya mdororo, jambo lililokuwa halali kisheria lakini lililowaudhi wananchi wasio na kazi, na alikiri kwamba shughuli za mabenki zilihitaji kudhibitiwa. Alifariki tarehe 29 Machi 1934 katika ofisi za Kuhn, Loeb, akiwa na umri wa miaka 67.

Metropolitan iliokolewa na watu ambao wenye roshani hawakuwafahamu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1931, miezi miwili baada ya Kahn kuondoka, opera nzima ilitangazwa moja kwa moja redioni kutoka jukwaa hilo kwa mara ya kwanza, nayo ilikuwa Hänsel und Gretel ya Engelbert Humperdinck, na kuanzia hapo wakulima, walimu na mafundi waliokaa mbali na New York walianza kuisikia sauti ya jumba ambalo hawangeweza kuliingia. Mwaka 1935 Eleanor Robson Belmont, mwigizaji wa zamani na mjane wa mwanabenki August Belmont, alianzisha chama cha wapenzi wa opera kilichokusanya ada ndogo ndogo. Mwaka 1940, wenye roshani walipochoka kulipia jengo, wito wa kuchangia dola milioni 1 ulitolewa ili kampuni ya maonyesho ilinunue, na karibu theluthi ya fedha hizo ilitoka kwa wasikilizaji wa redio. Umiliki na uendeshaji viliungana hatimaye chini ya paa moja, kama Kahn alivyotaka, na Kwato ya Almasi ikawa viti vya kuuzwa kwa yeyote mwenye tiketi.

Aina ya mtu aliyoiwakilisha Kahn haikwisha pamoja naye. James Wolfensohn, mzaliwa wa Sydney aliyefanya kazi ya benki ya uwekezaji London na New York, alianza kujifunza selo akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40 kwa kuhimizwa na mpiga selo mashuhuri Jacqueline du Pré, akatimiza sharti alilopewa la kupiga katika Carnegie Hall alipofikisha miaka 50, na akiwa mwenyekiti wa ukumbi huo kuanzia mwaka 1980 hadi 1991 alisimamia ukarabati wake mkubwa uliokamilika mwaka 1986. Wasomaji wa Afrika Mashariki walimjua zaidi kwa kazi nyingine: alikuwa rais wa Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1995 hadi 2005, kipindi ambacho mpango wa kuzipunguzia madeni nchi maskini ulianzishwa, Uganda ikawa ya kwanza kufaidika nao mwaka 1998 na Tanzania ikafuata mwaka 2001.

Jumba jipya la Metropolitan lilifunguliwa katika Lincoln Center tarehe 16 Septemba 1966, likiwa na viti karibu 3,800 vilivyopangwa kwa ajili ya kuona na kusikia, na nafasi tele nyuma ya jukwaa. La Broadway lilibomolewa mwaka uliofuata. Kahn alikuwa amefariki miaka 32 kabla ya ufunguzi huo; hata hivyo, katika mabishano ya katikati ya miaka ya 1920 kuhusu jiji hilo lilihitaji jumba la namna gani, yeye ndiye aliyekuwa sahihi.